Pikapu ya 1983 haiwaki: shajara ya kutafuta kasoro

Jumamosi. Ilivyofika

Pikapu ya mwaka 1983, injini ya petroli yenye silinda nne, kabureta moja, distributa ya pointi. Haina kompyuta, haina sensa, wala taa ya injini ya kukuonya kwenye dashibodi. Kila kitu kinachoifanya iwake kinaonekana kwa macho na kinapimika kwa mita ya kawaida ya umeme, na hiyo ndiyo sababu nimekubali kuichukua. Imesimama zaidi ya mwaka.

Maelezo ya mwenyewe nimeyaandika kama alivyoyasema: "Kwanza ilikuwa inawaka ikijisikia tu. Baadaye ikawa inawaka lakini ukikanyaga mafuta inazima. Mwisho hata stata ikagoma." Watu wengi wangeyasikia hayo kama ugonjwa mmoja uliozidi kukua. Mimi nayasikia kama magonjwa yaliyopokezana zamu, kwa hiyo sitashangaa nikipata zaidi ya moja.

Pamoja na gari nimekabidhiwa boksi. Plagi za zamani, koili ya zamani, kofia ya distributa ya zamani, filta za mafuta zilizotolewa. Vipya vyake vimeshafungwa kwenye gari. Betri nayo ni mpya, na kabureta imeshafunguliwa na kufungwa na mafundi tofauti. Yaani karibu kila kifaa kinachouzwa dukani kimebadilishwa, na hakuna hata kipimo kimoja kilichoandikwa popote. Huko ni kupiga ramli kwa spana. Ubaya wake si hasara peke yake. Kila kifaa kipya kinaongeza swali jipya: je, nacho ni kizima? Je, kimefungwa sawasawa?

Kanuni ya kazi hii, basi: kitu kimoja kinaguswa kwa wakati mmoja, kinapimwa kabla, kinapimwa baada, na namba zote zinaingia humu.

Jumamosi, mchana. Kabla ya ufunguo

Injini iliyolala muda mrefu haipigwi stata hivi hivi. Gia nyutro, breki ya mkono, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Nimechomoa dipstiki: oili ipo, nyeusi, haina harufu ya petroli. Hilo la harufu ni muhimu kwenye gari lenye pampu ya mafuta ya kusukumwa na injini, maana dayaframu (utando laini ulio ndani ya pampu) ikichanika petroli inashuka moja kwa moja kwenye oili.

Nimetoa plagi zote nne, nikatia matone machache ya oili kwenye kila tundu, nikaiacha wakati nashughulika na tangi. Petroli iliyokuwemo ilikuwa na rangi ya chai na harufu kama ya vanishi, imemwagwa yote kwenye galoni la taka. Kisha spana kwenye boliti ya puli ya krenki, nikaizungusha injini kwa mkono raundi mbili kamili. Inazunguka laini, hakuna mahali inapokwama. Pistoni hazijashika.

Jumapili. Stata

Mpwa wangu amekuja kusaidia. Yeye ufunguo, mimi mita.

Betri ikiwa imepumzika: volti 12.5. Iliyojaa kabisa ingeonyesha 12.6 au zaidi kidogo, na ikishuka hadi 12.2 ujue imebaki nusu. Hii haina shida ya chaji. Lakini volti za betri iliyopumzika hazikuambii itafanya nini ikibebeshwa mzigo, kwa hiyo namba hiyo nimeiandika bila kuiamini sana.

Ufunguo: "tak!" Mlio mmoja kutoka kwenye stata, halafu kimya. Hapo ndipo mtu hukimbilia kusema betri imekufa au stata imeungua. Mita ilikuwa kwenye betri wakati huo huo, na ilionyesha 12.1. Namba hii moja ilifuta nusu ya maswali. Betri iliyochoka ikibebeshwa stata huanguka hadi volti 8 au chini yake. Stata iliyokwama nayo ingevuta umeme mwingi mpaka betri ianguke. Hii haikuanguka. Basi stata haipati umeme wa kutosha, na njia imebanwa mahali fulani kati ya betri na stata, iwe kwa kwenda au kwa kurudi.

Nikamwambia apige tena na ashikilie kidogo. Mara nasikia, "Mjomba! Choki inachoma!"

Alikuwa ameegemeza mkono kwenye kitufe cha choki. Nikagusa kebo yake pale inapopenya kwenye ukuta wa injini: ya moto, na ganda lake la plastiki limeanza kulainika. Nilimwambia aachie ufunguo mara moja.

Injini ya gari imekaa juu ya mpira. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo lazima pawe na waya mnene wa athi unaounganisha injini na bodi, au unaotoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye bloku. Stata inakula zaidi ya ampea mia moja, na zote lazima zirudi kwenye betri. Waya huo ukikatika, umeme hauridhiki kukaa; unatafuta njia nyingine yoyote ya chuma inayogusa injini na bodi kwa pamoja. Kebo ya choki na ya ekseleta ndizo zilizo karibu. Kebo nyembamba ya chuma ikibeba mzigo wa stata inageuka kuwa kipasha moto. Kuna magari yaliyoshika moto kwa njia hii, na kuna watu waliobadilisha kebo za ekseleta kila mara zinapokwama bila kujua nani anazipika.

Kipimo cha kuthibitisha ni kile cha volti zinazopotea njiani. Mita iko kwenye volti, ncha moja kwenye risasi yenyewe ya hasi ya betri (si kwenye klempu, kwa sababu klempu nayo inaweza kuwa na kutu), ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku, halafu stata inapigwa kwa sekunde moja au mbili. Njia isiyo na kasoro inapoteza chini ya volti 0.2. Hapa nimepata 7.4. Upande wa chanya, kutoka risasi ya betri hadi kwenye boliti nene ya stata, ni 0.1 tu, huko ruhusa ni hadi 0.5. Kesi imeisha: zaidi ya nusu ya betri ilikuwa inaishia kwenye athi.

Waya wenyewe niliukuta chini, karibu na maunti ya kulia, ule wa kusukwa kama mkeka. Kwa juu ulikuwa kijani kwa kutu ya shaba. Nilipoukunja kidogo ukamwagika kama majani makavu, zikabaki nyuzi tatu nne zilizoshikilia.

Nimefunga kebo mpya nene kutoka hasi ya betri hadi boliti ya giaboksi, na nyingine fupi ya injini kwenda bodi. Mahali pa kukaa nimepiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, kisha grisi juu ya kiungo. Grisi inapakwa baada ya kufunga.

Baada: volti zinazopotea upande wa hasi 0.1, betri wakati stata inazunguka 10.4. Injini inazunguka kwa nguvu na haraka. Kikomo ninachotumia ni 9.6, ikishuka chini ya hapo wakati wa kupiga stata, betri au stata ndiyo ya kuulizwa.

Haijawaka bado. Sikutegemea.

Jumatatu, jioni. Kompresheni

Kwa ufupi, nimepima kila silinda inabana hewa kiasi gani. Plagi zote nje, waya wa koili umetolewa, ekseleta imekanyagwa hadi chini ili hewa iingie bila kizuizi. Silinda ya kwanza hadi ya nne: kilo 11.2, 11.0, 11.4 na 10.8 kwa kila sentimita ya mraba. Zimekaribiana, hakuna silinda iliyolala. Valvu na ringi zinaachwa kwa amani.

Jumanne. Cheche

Nimepiga stata kwa sekunde chache nikatoa plagi. Zimelowa na zinanuka petroli, kwa hiyo mafuta yanafika. Nikachukua plagi moja, nikaichomeka kwenye waya wake, nikailaza ganda lake likigusa bloku, mbali na tundu la silinda kwa sababu mvuke wa petroli unatoka humo. Cheche ipo, lakini nyembamba, ya rangi ya chungwa, na inarukaruka. Cheche yenye afya ni ya buluu na ina mlio unaosikika. Hii ya chungwa inaweza kuruka hewani nje na bado ikashindwa ndani ya silinda, kwa sababu hewa iliyobanwa inahitaji volti nyingi zaidi ili cheche ivuke.

Nieleze kidogo mfumo wenyewe, kwa wanaokuja kutoka magari ya kisasa. Betri inapeleka umeme kwenye koili, na umeme huo unapata athi kupitia pointi zilizo ndani ya distributa. Pointi zikifunga, koili inajaa. Kamu ikizifungua, umeme unakatika ghafla na koili inatema maelfu ya volti, ambazo rota inazipeleka kwenye plagi ya zamu. Nguvu ya cheche inategemea mambo mawili: koili imejaa kiasi gani, na mkato ulikuwa wa ghafla kiasi gani. Kondensa ndiye mlinzi wa hilo la pili. Charles Kettering wa Marekani ndiye aliyeuleta mfumo huu kwenye Cadillac za 1910, na stata ya umeme iliyofuata kwenye Cadillac za 1912 ni yake pia. Kwa hiyo gari hili lote, kwa upande wa kuwaka, ni mawazo mawili ya mtu mmoja.

Nimeanzia kwenye koili. Upande wa volti ndogo: omu 1.5. Koili ya omu 1.5 kwenye gari la pointi lazima iambatane na rezista ya nje, la sivyo umeme mwingi unaichoma yenyewe na pointi zake. Rezista ipo, imefungwa kwenye ukuta wa injini, omu 1.6. Koili mpya inaendana na gari. Mashaka yangu juu yake yameondoka. (Ukikutana na gari linalowaka wakati ufunguo uko kwenye stata, halafu linazima papo hapo ukiuachia, angalia rezista hiyo kwanza. Wakati wa stata umeme unaikwepa kwa waya mwingine. Ukiachia ufunguo lazima upite kwenye rezista, na kama imekatika hakuna kinachopita. Kasoro hii imewalaza watu wengi njiani na si hii ya leo.)

Sasa volti. Nimezungusha injini kwa spana mpaka pointi zikafunga, ufunguo umewashwa. Chanya ya koili: 7.0. Hasi ya koili: 1.9. Hiyo ya pili ndiyo mbaya. Pointi zikiwa zimefunga, hasi ya koili imeungwa na athi, kwa hiyo inatakiwa iwe karibu na sifuri, 0.2 naivumilia.

Volti 1.9 zinapotea wapi? Njia ni fupi, kwa hiyo nimeipima kipande kwa kipande, ufunguo ukizimwa kila katikati ya vipimo maana koili inapata moto ikiachwa na pointi zimefunga:

kutoka hasi ya koili hadi kwenye springi ya pointi, 0.2;
kutoka upande mmoja wa pointi hadi wa pili, 1.6;
kutoka sahani ya pointi hadi bloku, 0.1.

Nimefungua pointi nikazitazama kwa kioo cha kukuzia. Uso mmoja una kilima, wa pili una shimo, na pembeni kumezunguka ukoko mweusi unaong'aa. Ukoko huo ni grisi iliyoungua. Mtu alipaka grisi nyingi kwenye kamu ya distributa, ikarushwa inapozunguka, ikatua kwenye pointi. Kinachohitajika pale ni tone dogo kama kichwa cha kiberiti, basi. Kondensa nimeipima pia kwa sababu pointi zilizoungua humtia hatiani haraka: mikrofaradi 0.23. Nzima. Inarudi mahali pake.

Pointi mpya hazikuwemo kwenye boksi. Katika vitu vyote vilivyobadilishwa, hiki chenye sura ya takataka ndicho kilichoachwa. Nimesugua hizi kwa kijiwe laini mpaka nyuso zikalingana, nikazifuta kwa spiriti, nikaweka mwanya wa milimita 0.45 kwa geji pale kamu inapoisukuma juu kabisa. Mwanya ukiwa mdogo mno, pointi zinakaa zimefunga muda mrefu na zinaungua. Ukiwa mkubwa mno, koili haipati muda wa kujaa. Na kila ukibadilisha mwanya, taimingi (wakati cheche inapopiga) nayo inasogea, kwa hiyo mwanya kwanza, taimingi baadaye.

Baada: chanya ya koili 6.3, hasi ya koili 0.35. Cheche imekuwa ya buluu.

Hiyo 0.35 bado iko juu kidogo ya ninachopenda, na kati yake 0.2 ni ile ile ya kipande cha kwanza, waya mfupi tu wa sentimita chache. Waya mfupi hivyo haupaswi kula volti 0.2. Nimeweka alama ya kuuliza pembeni.

Taimingi: nimeleta pistoni ya kwanza juu kwenye mkandamizo, kwa kuziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kuzungusha mpaka hewa ikakisukuma. Rota inatazama waya namba moja. Mfuatano wa nyaya nimeuhakiki kwa mujibu wa kitabu cha injini hii, 1-3-4-2. Ziko sawa. Kisha balbu ndogo kati ya hasi ya koili na athi, ufunguo umewashwa, distributa nikaizungusha taratibu mpaka balbu ikawaka palepale alama za puli zinapokutana. Balbu ikiwaka, pointi zimefunguka. Ndiyo sekunde ya cheche.

Petroli mpya lita tano. Choki. Ufunguo.

Imewaka. Kwa moshi mwingi na kelele ya tapeti, lakini imewaka na imekaa. Nimeiacha ikipata joto kwa mwendo wa chini, nikarudisha choki taratibu. Baada ya dakika chache mlio umekuwa wa kueleweka.

Kisha nimekanyaga mafuta, ikazima. Nimewasha, ikakubali mara moja. Nimekanyaga, ikazima.

Jumatano. "Ukikanyaga mafuta inazima"

Dalili hii ndiyo iliyowafanya wenzangu waifungue kabureta. Siwalaumu. Gari linalozima ukikanyaga ekseleta lina sura zote za gari lenye njaa ya mafuta: pampu ndogo ya ndani ya kabureta imekufa, au jeti imeziba, au bakuli la kabureta halijai.

Kwa hiyo nimeanza na mafuta, kwa kuyapima. Injini imezimwa, kifuniko cha hewa kimetolewa, nikatazama ndani ya koo la kabureta huku nikivuta ekseleta kwa mkono: petroli inaruka kwa mchirizi mzuri, kila nikivuta. Pampu ya kabureta haina neno. Nikachomoa bomba la mafuta kwenye kabureta, nikalielekeza kwenye chupa, mpwa akapiga stata: petroli inatoka kwa mapigo makubwa, haina mapovu. Pampu ya injini nayo safi.

Kipimo kilichoamua ni taa ya taimingi, ile inayomulika kila umeme wa cheche unapopita kwenye waya. Nimeibana kwenye waya mnene wa koili, nikawasha injini, taa ikawa inapiga pasipo kukosa. Nikakanyaga. Taa ikakata ghafla, injini bado inazunguka kwa nguvu zake zilizobaki, halafu ndiyo ikasimama. Tofauti hiyo ndiyo ya kuitazama. Injini ikifa kwa njaa ya mafuta, cheche zinaendelea mpaka mzunguko wa mwisho, taa inapiga mpaka injini isimame. Taa ikitangulia kufa, aliyekata ni umeme. Kabureta imehukumiwa bure.

Lakini kwa nini umeme ukatike kwa kukanyaga mafuta? Ekseleta haina waya.

Kuna kitu kimoja tu kinachounganisha ekseleta na distributa: kopo la vakyumu. Kwenye injini hii bomba lake jembamba linatoka juu kidogo ya kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofunguliwa na ekseleta. Injini ikiwa kwenye mwendo wa chini halipati kitu. Kipepeo kikifunguka, vakyumu (mfyonzo wa hewa wa injini) inavuta dayaframu, dayaframu inavuta fimbo, na fimbo inazungusha sahani ya pointi kwa digrii chache ili cheche iwahi. Na waya ule mfupi, wenye alama yangu ya kuuliza, unatoka kwenye mwili wa distributa usiotikisika kwenda kwenye sahani inayotembea.

Nimechomoa bomba la vakyumu nikaliziba kwa boliti ndogo. Nikawasha. Nikakanyaga. Injini imepanda, imeshuka, imepanda. Mpwa akacheka ndani ya gari. Nimelirudisha bomba: imezima.

Sasa kumwona mchawi mwenyewe. Kofia na rota nje, injini imezimwa, pointi zimefunga, mita kwenye omu kati ya kichwa cha waya nje ya distributa na springi ya pointi. Inasoma karibu sifuri. Nikatia bomba la vakyumu mdomoni nikafyonza. Sahani ikazunguka kidogo, unaiona kabisa ikitambaa, na mita ikaruka mpaka mwisho: njia imekatika. Nikaachia, sahani ikarudi, mita ikarudi sifuri.

Waya kwa nje ni mzima. Ganda halina hata mkwaruzo. Nimeushika ncha mbili kwa koleo ndogo nikauvuta polepole, ukarefuka kama mpira. Waya wa shaba mzima haurefuki. Unaorefuka ni ganda tupu lisilo na kitu ndani. Nilipolipasua kwa wembe, nyuzi zote zilikuwa zimekatika mahali pamoja, ncha zake zimegusana tu kwa kubanwa na ganda. Sahani ikitulia zinagusana, na zinakula volti 0.2. Sahani ikivutwa zinaachana.

Nimetengeneza mwingine. Hapa haufai waya wowote uliookotwa. Unatakiwa wenye nyuzi nyingi nyembamba kama nywele, ganda laini linalostahimili joto na oili, na ukatwe kwa urefu wenye ulegevu kidogo ili sahani iende mpaka mwisho wake bila kuuvuta. Waya mgumu wa nyuzi chache utafanya kazi vizuri kabisa, kisha utakatika tena mahali palepale. Viungo nimevibana na kuvichomelea kwa risasi ncha tu, bila risasi kupanda juu ya nyuzi, maana inapoishia risasi ndipo waya unapovunjika.

Baada: hasi ya koili, pointi zimefunga, 0.15. Bomba la vakyumu limerudi mahali pake. Injini inakanyagwa kadiri nitakavyo.

Kwa hiyo, kwa kumbukumbu: plagi, nyaya, koili, kofia, filta na kabureta, vyote vilivyobadilishwa au kufunguliwa, hakuna hata kimoja kilichokuwa na hatia. Vilivyoizuia ni kebo ya athi, grisi iliyozidi, na waya mfupi kuliko kidole.

Ijumaa. Inazima tena, namna nyingine

Nimeiacha ikinguruma karibu nusu saa. Ikaanza kukohoa, ikafifia, ikazima. Taa ya taimingi safari hii ilipiga mpaka mwisho, kwa hiyo mafuta. Nikafungua mfuniko wa tangi, likavuta hewa kwa mluzi.

Tangi linapotoa petroli lazima liingize hewa mahali pake. Kwenye gari hili hewa inaingia kwa kitundu kilichomo kwenye mfuniko, na nyigu wa udongo wamekiziba kwa ndani kama mafundi wa ujenzi. Nimekizibua kwa waya, nikaosha mfuniko. Imenguruma saa nzima baada ya hapo.

Jumamosi. Chaji, na "inawaka ikijisikia tu"

Alteneta: volti 14.1 kwenye betri, injini ikiwa juu kidogo ya mwendo wa chini. Taa kubwa zikiwashwa, 13.8. Nzuri.

Imebaki ile sentensi ya kwanza ya mwenye gari. Athi mbovu inaweza kuieleza, lakini sikutaka kuacha bila kupima betri inapoteza nini gari likiwa limezimwa. Nimeweka mita kwenye ampea kati ya klempu ya hasi na betri, kila kitu kimezimwa, milango imefungwa. Gari la umri huu, lisilo na redio wala saa, linatakiwa lisome karibu sifuri. Hili linasoma 0.28.

Ampea 0.28 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 6.7. Betri hii ni ya ampea-saa 45. Ukiliegesha wiki moja, hakuna betri. Aliyekuwa akilitumia kila siku asubuhi hangeona chochote. Aliyelilaza siku kadhaa angesema linawaka likijisikia.

Nimetoa fyuzi moja moja: namba haibadiliki. Nimetenganisha waya mnene wa alteneta: mita imeanguka hadi 0.00. Dioda mojawapo, mlango wa kupitisha umeme upande mmoja tu, inavujisha umeme kurudi nyuma. Inachaji vizuri mchana, inanyonya usiku.

Alteneta inashushwa kesho ili dioda zipimwe moja moja. Mpaka hapo, klempu ya hasi inatolewa kila gari likizimwa. Pointi mpya zimeagizwa, hizi nilizosugua ni za muda. Baada ya hayo zamu ni ya breki: silinda ya gurudumu la nyuma kushoto inavuja na pedali inashuka mpaka karibu na sakafu, kwa hiyo haiondoki hapa ilipo hata kama inawaka.